Kabla ya kushangilia mafuta ya alge, tuhesabu moto inaokula

Goma, Machi 2023

Tangu Leta ilipofungua mnada wa bloku za petroli na gesi Julai 2022, bloku 27 za petroli na 3 za gesi ya Ziwa Kivu, kila kijana anayesimama kuupinga anaulizwa swali moja: "Petroli hamutaki, makala hamutaki, sasa mutapika na nini? Mamoto itatembea na nini?" Ni swali la haki. Anayeuliza mara nyingi ni mama anayenunua makala kwa sahani, si mtu wa kampuni.

Jibu moja limeanza kuzunguka mu ma-groupe za WhatsApp. Ni ile video ya mabomba marefu ya kioo, ndani maji ya kijani yanazunguka, na sauti inaeleza kwamba alge, yaani mwani mdogo usioonekana kwa jicho, inatoa mafuta mengi kwa hekta kuliko mawese, inameza hewa chafu, haihitaji shamba zuri. Baadhi ya wenzetu wanataka tuiweke mu memorandumu yetu kama pendekezo la vijana: Kivu iko na jua, iko na maji, tupande alge, petroli ya Virunga ibaki chini ya ardhi.

Sisi tunaosaini hapa tunapinga petroli ya Virunga kama wao. Lakini tunasema pendekezo hilo lisiingie mu memorandumu. Wachache kati yetu tulimaliza kemia na fizika. Kazi hatuna, basi muda wa kuhesabu uko. Tulihesabu.

Kwanza tukubali ukweli wa video. Alge inaota haraka kweli. Aina nyingine zinabeba robo ya uzito wao kuwa mafuta, nyingine hata zaidi zikinyimwa chakula. Inaweza kuota mu maji ya chumvi, juu ya ardhi isiyofaa mihogo wala maharage. Hapo hakuna uongo. Lakini mtu anayetuuzia mafuta kwa hesabu ya hekta anatuficha hesabu nyingine: ili kupata nishati iliyo ndani ya mafuta hayo, umetumia nishati ngapi? Kama unatumia mbili ili kupata moja, hukutengeneza mafuta. Umetengeneza njia ndefu ya kupoteza umeme.

Tuchukue kilo 1 ya alge kavu, robo yake mafuta. Hiyo ni gramu 250 za mafuta, kidogo chini ya chupa ndogo ya Fanta. Nishati iliyo ndani yake ni karibu kilowati-saa 2.6, ile ile kilowati-saa ambayo kompteri ya nyumbani inahesabu. Shikeni hiyo namba: 2.6.

Mu bwawa la wazi, lita 1 ya maji inabeba karibu nusu gramu ya alge. Yaani maji yale ya kijani ni maji matupu karibu yote. Ili kupata kilo moja lazima ushughulikie lita 2,000. Wanagoma wote tunajua bidon ya njano ya lita 20. Hizo ni bidon 100, juu ya chupa moja ndogo ya mafuta. Ukitaka lita nzima, ni karibu bidon 370. Maji mengi yanarudi bwawani, ndiyo, lakini lazima kwanza yapite mu mashine inayotenganisha alge na maji kwa kuzungusha kwa nguvu, kama ile inayotenganisha krimu na maziwa. Tukikadiria kwa upole kabisa, mashine hiyo inakula kilowati-saa 1 kwa kila lita 1,000. Kwa kilo yetu, kilowati-saa 2. Tumebaki na 0.6 mukononi, na bado hatujafanya kitu.

Mashine haitoi unga mukavu. Inatoa uji mzito, sehemu tano na nne kati yake bado ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya alge inakuja na kilo nne za maji ambazo lazima ziondoke kama unataka kukamua mafuta kwa njia ya kawaida. Kila mama anayechemsha maharage anajua maji hayaondoki bure. Kupasha kilo nne za maji mpaka zigeuke mvuke zote kunahitaji kilowati-saa 2.9, tena kama hakuna joto linalopotea hata kidogo, jambo ambalo haliko duniani. Angalieni vizuri: kukausha peke yake kumeshapita 2.6. Mafuta yote yameliwa na sufuria.

Kisha alge inakula. Haiishi kwa jua na maji tu, kama vile hata sisi hatuishi kwa ahadi. Kilo moja ya alge inabeba karibu gramu 70 za nitrojeni, na nitrojeni ya mbolea inatengenezwa mu kiwanda kwa gesi, kwa moto mukali na shinikizo kubwa. Hiyo ni karibu kilowati-saa 0.8 tena. Inahitaji fosfati, inahitaji karibu kilo 1.8 za gesi kaboniki ambayo mtu lazima ailete kwa bomba. Magurudumu ya kukoroga bwawa yanakula kidogo tu, robo ya kilowati-saa hivi. Lakini yale mabomba mazuri ya kioo ya mu video, ambamo pampu inasukuma maji mchana na usiku, yanakula mara nyingi zaidi. Njo maana yanapendeza mu video na hayapendezi mu hesabu.

Jumla ni karibu 6 iliyoingia, na 2.6 iliyotoka. Hatukuhesabu kukamua, wala saruji ya bwawa, wala gari la kubeba.

Tunajua majibu, juu wenzetu wametupa yote. Jibu la kwanza: mabaki, zile gramu 750, nazo ziko na nishati, ziweke mu shimo la biogazi. Sawa. Ukifanya vizuri unarudisha labda kilowati-saa 1.8, na sehemu ya mbolea pia. Ongeza kwa 2.6, unapata 4.4. Bado iko chini ya 6. Jibu la pili: pikeni alge ikiwa mbichi, bila kuikausha, mu chungu cha chuma kilichofungwa, kwa joto la digrii 300 na zaidi. Njia hiyo iko, na ni ya akili kuliko zote. Inaondoa mzigo mkubwa wa kukausha, na mu karatasi za watafiti wengine hesabu inavuka moja. Lakini ni chungu cha shinikizo la kutisha, mafuta yake yanatoka yakiwa na nitrojeni nyingi na lazima yasafishwe tena, na bado unatenganisha maji ya bidon 100. Jibu la tatu: jua. Hapo tutarudi, juu iko na kitu cha kweli ndani yake.

Msituamini sisi peke yetu. Marekani, nchi yenye pesa, jua la jangwani na maprofesa, imehangaika na jambo hili zaidi ya miaka 40. Kuanzia 1978 mpaka 1996 wizara yao ya nishati ililipa programu nzima ya kuchunguza alge, na mabwawa ya majaribio kule Roswell, New Mexico. Walijifunza mengi juu ya aina za alge, na wakaona kwamba gharama haishuki mpaka ya petroli. Bajeti ikakatwa. Bei ya petroli ilipopanda miaka ya 2000, wote wakarudi. Mwaka 2011 jeshi la maji la Marekani lilinunua galoni 450,000 za mafuta ya mimea kwa dola milioni 12, karibu dola 7 kwa lita, wakati mafuta yao ya kawaida hayakufika dola 1. Na sehemu kubwa ya mafuta hayo yalikuwa ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Ile sehemu ya alge ilitoka kwa kampuni iliyokuza alge mu mapipa ya giza, ikiilisha sukari. Sukari! Yaani jua lilifanya kazi mu shamba la miwa, alge ikala miwa, na dunia ikaambiwa ni mafuta ya jua.

Mwaka 2012, baraza la kitaifa la utafiti la Marekani lilitoa ripoti ambayo tungependa kila mutu asome kabla ya kutuma tena video ile. Walijiuliza: itakuwaje kama alge itoe asilimia 5 tu ya mafuta ya magari na ndege ya nchi yao, karibu lita bilioni 39 kwa mwaka? Jibu lao: ingehitaji tani milioni 6 mpaka 15 za nitrojeni na tani milioni 1 mpaka 2 za fosforasi, kama virutubisho havirudishwi. Namba ya juu inafika karibu na nitrojeni yote inayotumiwa na Marekani nzima. Kwa asilimia 5. Wakasema wazi kwamba kwa teknolojia ya wakati ule, kufika kiwango hicho kungeleta mzigo usiobebeka wa nishati, maji na mbolea.

Na kuna Exxon. Mwaka 2009 ExxonMobil ilitangaza kwamba iko tayari kutia mpaka dola milioni 600 mu alge, pamoja na kampuni ya Craig Venter, yule mtaalamu wa jeni. Mwaka 2018 wakasema kufika 2025 watakuwa na uwezo wa mapipa 10,000 kwa siku. Kampuni inayotoa mapipa zaidi ya milioni 3 kwa siku inaahidi elfu kumi, na matangazo ya rangi ya kijani yanajaa televisheni. Mwezi uliopita habari zimetoka kwamba wameacha: pesa kwa mshirika wao ilikatwa mwishoni mwa 2022, na wafanyakazi wengi wa kule wakapoteza kazi. Hatuwacheki hao wafanyakazi. Ukosefu wa kazi tunaujua. Lakini tuulize: miaka 13 ya matangazo yale yalitoa nini? Mafuta hapana. Yalitoa muda. Kila aliyeuliza Exxon kuhusu petroli yake alionyeshwa chupa ya kijani.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi. Serikali yetu inajiita nchi-suluhisho mu mikutano ya hali ya hewa. Chini ya jina hilo kila mtu anaweza kuja na chupa yake ya kijani, apewe hekta, apewe karatasi za kaboni, apige picha na gavana. Majirani wameshapita njia hiyo. Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 mwaka 2009 ili kupanda mbono wa mafuta ya magari. 2011 shughuli ikaanguka, wanakijiji wakabaki bila ardhi na bila kazi. Mbono nao ulikuwa na video zake. Nao uliambiwa hauhitaji shamba zuri.

Sasa tuseme mtu analeta alge Goma. Umeme wa kuzungusha zile mashine atautoa wapi? Atautoa Matebe, kwenye mto Rutshuru, megawati 13.8 ambazo tayari hazitoshi mji huu, na vita vimekaa karibu nazo. Fikirini: unachukua umeme mzuri, unaupitisha mu maji ya kijani, unatoka na chini ya nusu yake kama mafuta. Kisha unatia mafuta hayo mu jenereta, ambayo inageuza karibu theluthi moja tu kuwa umeme. Ulikuwa na kilowati-saa 6, sasa uko na chini ya 1. Delestaji ingekuwa na huruma zaidi. Na kama joto la kukausha halitatoka kwa umeme, litatoka wapi? Kuni. Tutakata msitu wa Virunga ili kukausha alge inayotakiwa kuuokoa.

Wengine wanasema: tumieni maji ya chini ya Ziwa Kivu, yako na gesi kaboniki na yako na mbolea ya asili. Ni kweli yanavyo, kwa wingi sana. Ziwa hili limebeba karibu kilomita za ujazo 300 za gesi kaboniki na 60 za metani. Lakini hapo tusimame kabisa, juu hii si hesabu ya pesa tena. Maji yale ya chini yamelala chini kwa sababu ni mazito, na uzito huo ndio unaofunga gesi isipande. Njo maana wanaochimba metani wanatakiwa kurudisha maji yaliyotumika chini, si kuyamwaga juu. Ukiyamwaga juu, virutubisho vinalisha alge ya ziwa lenyewe, alge inapooza inakula oksijeni, na sambaza wanakufa. Mwenye kutaka kujua thamani ya hilo aende Kituku asubuhi, ahesabu wamama wanaoishi kwa beseni ya sambaza. Mtu atakayeweka bwawa la alge ukingoni na kulisha maji ya chini, siku bwawa litakapopasuka au mlinzi atakapofungua bomba, deni litalipwa na hao.

Tulisema tutarudi kwa jua. Ukingoni mwa Ziwa Chad, wanawake wa Kanem wanakusanya mwani wa kijani-bluu, dunia inauita spirulina, wao wanauita dihé. Wanauchota, wanaumwaga juu ya mchanga, jua linaukausha, wanakata vipande na kuuza sokoni kama kiungo cha mchuzi. Hakuna mashine, hakuna bomba. Inafanya kazi vizuri, na sababu ni rahisi: ni chakula. Mtu ananunua chakula juu ya protini na ladha, haulizi kilowati-saa ngapi ziko ndani. Mafuta hayana kitu kingine cha kuuza isipokuwa nishati. Chakula kinaweza kula nishati kuliko kinayobeba na bado kiwe na maana. Mafuta yakifanya hivyo ni hasara tupu. Mwenzetu akitaka kufuga spirulina nyuma ya nyumba kwa watoto wenye utapiamlo, tutamusaidia kuchimba bwawa. Asituambie paka ni esansi.

Kwa hiyo yule mama wa makala tumjibu nini? Tumjibu kwa vitu ambavyo hesabu yake inakubali. Maji yanayoanguka yanaanguka tayari, huyalipi ili yaanguke. Metani ya ziwa iko tayari chini. Rwanda wanatoa megawati 26 kule Kibuye tangu 2016, kutoka ziwa lile lile ambalo upande wetu bado halijawasha hata taa moja. Mwezi wa kwanza Serikali ilitangaza washindi wa bloku tatu za gesi: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mikataba iko wapi? Maji yatarudishwa mita ngapi chini? Hilo ni swali la vijana wa Kivu, na lina haraka kuliko alge. Na makala yenyewe: tanuru la udongo la kule Masisi na Rutshuru linapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya kuni kabla gunia halijafika sokoni. Tanuru bora na mbabula inayobana moto zinaokoa msitu kesho asubuhi, bila Exxon. Hazipendezi mu video. Ni matofali na udongo.

Tunapendekeza memorandumu iondoe mstari wa alge, na mahali pake tuandike dai moja: kila mradi wa nishati utakaosainiwa kwa jina la Nord-Kivu, uwe wa petroli, wa gesi, wa mimea au wa kaboni, uchapishe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili ni nishati ngapi inaingia na ngapi inatoka, nani amehesabu, na umeme wake unatoka kwa nani. Kabla ya saini, si baada. Hesabu zetu ziko kwenye ukurasa mmoja wa daftari, tutazileta kwenye mkutano wa Jumamosi. Mwenye kuona kosa alete kalamu.